Mkwe wa Kuazima

Ukitaka kujua kama kitabu kimependwa, usitazame jalada. Kifunge, kisimamishe mezani, uangalie ule upande kinakofungukia. Utaona weusi wa vidole. Pale weusi ulipozidi ndipo watu walipokuwa wakirudi na kurudi. Hilo nilifundishwa na marehemu Mzee Kastori, fundi aliyekuwa akijalidi vitabu kwa mapadre kabla ya kuhamia Makambako, na ndiyo elimu pekee niliyopewa na mtu katika kazi yangu ya kukodisha vitabu. Mengine yote nimejifunza kwa kukosea.

Juzi mabinti wawili wanaofungasha maparachichi hapa Njombe walikuja kunijulia hali. Wakakaa kwenye benchi, simu moja mikononi mwao, wanasoma huku wanagusana viwiko. Nikawauliza mnasoma nini. Wakasema, babu, ni hadithi ya mchezaji mpira na msichana wanaojifanya wapenzi, halafu wanapendana kweli. Nilicheka, kisha nikaikodolea macho ile simu, mpaka mmoja akauliza kama presha imepanda. Haikuwa presha. Basi haya nayasema kwa ajili yao, na kwa ajili yenu wote mnaosoma hadithi za namna hiyo mkiwa mmejifunika blanketi. Nimezikodisha miaka mingi, kwanza Makambako karibu na stendi, halafu Njombe sokoni. Nazijua kuliko Biblia. Mchungaji wangu analifahamu hilo na tumeshakosana kwa sababu yake.

Zilinifikia kwenye marobota ya mitumba. Watu wanafungua robota la masweta, katikati wanakuta vitabu vya Kizungu vimetiwa kujazia nafasi. Muuza mitumba hana shida navyo, ananiletea mimi. Vingi vilikuwa vya mchezo ambao sijauona mpaka leo: wanaume wanateleza juu ya barafu, wanagombea kwa fimbo kitu kama kifuniko cha kopo. Nilikaa na kamusi nikavigeuza kuwa Kiswahili kwa mkono wangu, nikapeleka stesheneri vikapigwa chapa na kutolewa kopi. Barafu niliiondoa nikaweka uwanja wa mpira, fimbo nikazitupa. Kuna kitabu nilisahau kurekebisha mahali pamoja, basi mshambuliaji anakwenda kupiga kona amevaa glavu na kofia ngumu. Hakuna mteja aliyelalamika. Njombe mwezi wa saba hata mwamuzi anavaa glavu.

Majalada yalinipa taabu. Mwanamume kifua wazi, binti amemning'inia shingoni. Kitabu kama hicho mama wa kwaya atakibebaje? Nikaanza kuvivisha vyote karatasi ya mfuko wa saruji, nje havina neno, nimeweka alama ndogo tu ninayoijua mwenyewe. Biashara ikachangamka. Wanawake walikuwa wanatoka ibadani, kitabu cha nyimbo mkono mmoja na changu mkono mwingine, na hakuna wa kuvitofautisha. Shida ni kwamba hata mimi siku nyingine nilishindwa kutofautisha. Mke wa mzee wa kanisa aliniomba kitabu cha ufugaji wa kuku, nikampa cha kipa na mwalimu wa chekechea. Alikaa nacho wiki nzima. Aliporudi niliandaa maneno ya kuomba radhi. Akakiweka mezani taratibu, akasema, "Kuku wangu wanaendelea kufa. Lakini kama kuna sehemu ya pili, nipe."

Nyingine ilinitokea panya alipokula sura ya mwisho ya kitabu kilichokuwa kinagombewa. Nikajitia ujuzi nikaandika mwisho mwenyewe. Mimi ni mtu wa huzuni, sikufichi, kwa hiyo mchezaji nikamuua. Kwenye mwisho wangu aliumwa homa, akafa, msichana akabaki na jezi. Kidogo wanipige. Fundi cherehani wa jirani alinivimbia akaacha kunisalimia, akapitisha wiki akinipita pale kama nguzo ya umeme, mpaka nilipoketi nikaandika upya, mchezaji akapona na watu wakafunga ndoa. Tangu hapo nikajua, msomaji wa hadithi hizi hakodi karatasi. Amekuja kuchukua ahadi, na wewe huna haki ya kuivunja.

Sasa, kwa nini hizi, na si za wachawi au wapelelezi? Mabinti watakuambia ni kwa sababu mchezaji ana kifua. Waongo. Nimechungulia weusi wa vidole katika vitabu vingi, na haukuwa kwenye busu. Ulikuwa mahali ambapo jamaa anavua koti lake kumpa binti kwa sababu watu wanatazama, na wameshakubaliana waonekane. Mahali anapomsubiri getini, kwa sababu mpango unasema amsubiri. Mahali anapomuuliza umekula, halafu anajitetea kwamba ameuliza kwa ajili ya maigizo. Hapo ndipo karatasi ilipokuwa nyeusi.

Huku kwetu mtu hasemi. Baba na mama yangu waliishi pamoja mpaka kifo kikawatenganisha, na sikuwahi kusikia mmoja akimtamkia mwenzake neno tamu. Mama akimpenda baba alimwekea maji ya moto ya kunawa. Imeisha hiyo. Ukikulia hapo, ukawa na njaa ya kupendwa, utaomba kwa nani na kwa mdomo gani? Ndipo inapokuja hadithi inayokuambia kwamba unaweza kushikwa mkono bila kuomba, ukasubiriwa bila kuaibika, maana wote mnajua ni mchezo. Aibu imepewa likizo. Na kwa nini awe mwanamichezo? Kwa sababu huyo ni mtu anayetazamwa na uwanja mzima, kisha yeye anageuza shingo anakutazama wewe, ambaye nyumbani hata shangazi yako anakusahau kwenye hesabu ya chai.

Wengi wenu mnadhani nazisifu. Ngojeni kwanza.

Nilikuwa na mteja Makambako, nitamwita Tumaini. Aliuza kwenye duka la pembejeo, na vitabu alivyorudisha vilinuka mbolea hata ukiviweka juani. Kwao ni kijijini, mbele ya Igwachanya, watu wa mahindi na viazi. Mtoto wa kwanza kati ya wasichana watupu. Baba yake alikuwa anaumwa muda mrefu, na shangazi yake alikuwa ameleta posa ya mwanamume mmoja aliyefiwa na mke, mwenye mashine ya kusaga. Mtu mzuri yule, sina la kumsema, lakini watoto wake walikuwa rika la Tumaini. Tumaini hakumtaka. Hakuwa na mwingine, hakumtaka tu, na alitaka aachwe afanye kazi yake na amuuguze baba yake. Kwa shangazi, sitaki ya mwanamke asiye na mtu haikuwa jibu. Ilikuwa ni kusubiri kidogo tu kabla ya ndiyo.

Mwingine alikuwa Joel, kijana wa Tukuyu, mchana anapanga mbao kwenye yadi na jioni anadaka kwenye timu moja ya hapo, jina sina haja ya kulitaja. Alikuja kwangu kusoma kurasa za michezo za magazeti ya zamani. Mrefu, mpole, domo zege wa kutupwa. Mbele ya mwanamke ulimi wake ulikuwa unagandana. Alishaonekana mara moja tu kilabuni amelewa ulanzi, na mwenyekiti wa timu, mtu wa dini sana, akatangaza kwamba msimu ule hataki wachezaji wasiotulia. Anayetaka kubaki aonyeshe ana mwelekeo, ana mchumba anayejulikana, Jumapili yuko kanisani. Joel hakuwa na mchumba wala njia ya kumpata.

Tumaini ndiye aliyeanza, mbele yangu, kwenye kibanda changu, mchana kweupe.

"Joel," alisema, "wewe mwenyekiti wako anataka uwe na mtu. Mimi shangazi yangu anataka niwe na mtu. Tusaidiane."

Joel alinitazama mimi.

"Mpaka lini?" akauliza.

"Mpaka ligi iishe."

"Halafu?"

"Halafu tunakosana kidogo mbele za watu, kila mmoja anashika njia yake. Shangazi ataniacha nipumue mwaka mzima kwa huruma."

Joel akafikiri, kisha akaniuliza kwa adabu, kama anayeulizia dawa, "Mzee, kuna kitabu kinachoeleza tunaanzaje?"

Nilimpa kimoja. Mlitaka nifanyeje, ndiyo kazi yangu. Alikisoma akirudi kuniuliza mambo: hapa anaposhika begi la binti, ni lazima au hiari? Nikamwambia, shika begi, mwanangu, hakuna aliyewahi kufa kwa kushika begi.

Wakaanza. Mechi ikichezwa Makambako, Tumaini alikaa nyuma ya goli na chupa ya chai, kitenge mabegani, mwenyekiti akimwona anatabasamu peke yake. Jumapili moja walikwenda kusali pamoja kijijini, na mchana huohuo habari zikawa zimemfikia shangazi, ambaye aliirudisha posa ya yule mgane kwa maneno mengi mazuri. Mpango ulikuwa umefanikiwa. Kama ni kitabu, hapo tungekuwa ukurasa wa kumi na kitu.

Lakini Joel aliendelea kwenda kijijini. Baba yake Tumaini alikuwa mpenzi wa mpira, amelala kitandani na redio kifuani, na hajawahi kuwa na mtoto wa kiume wa kubishana naye. Alimshika Joel kwa maswali. Juzi kwa nini ulitoka golini? Mpira wa juu ule ungeuacha beki. Joel, ambaye kwa wanawake alikuwa bubu, kwa mzee yule alifunguka. Siku moja alipita kwangu asubuhi na furushi, nikamuuliza kama leo shangazi yuko kijijini. Akasema hayupo. Nikamuuliza sasa unakwenda kumwigizia nani? Akakuna kichwa, akasema, "Mzee kaniomba nikachague naye mbegu za viazi." Akapanda bodaboda akaondoka. Niliona kilichokuwa kinatokea, nikakinyamazia. Mwenye duka la kukodisha vitabu ana sheria moja: ya msomaji huyu hayaendi kwa yule.

Mzee alifariki wakati wa masika. Nilikwenda kuzika, maana Tumaini alikuwa mteja wangu wa siku nyingi na niliwapenda watu wale. Hapa nawaomba msikilize vizuri, kwa sababu jambo hili kwenye vitabu vya Kizungu halimo. Kwenye ukoo wa kina Tumaini, kaburi linachimbwa na vijana wote, hata wapita njia. Ila likishafika kina chake, kuna mtu mmoja anayeshuka kusawazisha udongo wa chini, pale mwili utakapolala, na huyo ni mtoto wa kiume wa marehemu au mkwe wake. Mtu baki hashuki. Joel hakulijua hilo, kwao Tukuyu wana taratibu zao. Tumaini alikuwa amemwambia aje na timu, asalimie, akae na wanaume, aondoke na timu.

Udongo ulikuwa umelowa, kuna ukungu huoni hata mahindi ya jirani. Baba mkubwa, kaka wa marehemu, akauliza, "Nani anashuka?" Watu kimya. Wasichana watupu, wadogo zake Tumaini bado hawajaolewa. Baba mkubwa akawa anatafuta kwa macho mpwa yeyote. Joel alidhani watu wanaogopa matope. Alivua viatu, akakunja suruali, akashuka. Alisawazisha kwa jembe, halafu akaliweka jembe pembeni akamalizia kwa viganja, anatoa vijiwe kimoja kimoja anavirusha juu. Nilikuwa nimesimama karibu. Alikuwa analia bila sauti. Tumaini alipomwona alijiziba mdomo kwa kitenge, na mimi nilidhani ni uchungu wa baba. Kumbe nusu yake ilikuwa hofu.

Alipopanda juu, walimletea maji ya kunawa kabla ya wazee. Timu iliondoka, yeye akaambiwa abaki, akaketishwa mahali wanapoketi wakwe. Ndani ya nyumba mama yake Tumaini aliuliza aliyeshuka ni nani, akaambiwa. Akasema, "Basi mume wangu amelazwa na mwanaye." Wanawake wakamwitikia kwa kilio kingine.

Msiba ulipoanuliwa, baba mkubwa alimwita Joel pembeni. "Kijana," akasema, "umeingia kwetu kupitia msibani. Hatukulaumu, kifo hakiulizi taratibu. Lakini ligi yenu ikiisha, tuletee mshenga, tufanye kama watu." Joel akaitikia ndiyo baba. Akatoka pale hajui kama ameigiza au amesema kweli.

Ligi ikaisha. Mechi ya mwisho ilichezwa hapa Njombe, suluhu, mvua ya rasharasha, mechi ya hovyo kabisa. Walisimama nje ya uzio wa uwanja, wawili tu. Joel akamwuliza, "Nimlete mshenga?" Tumaini akajibu, "Hapana, Joel. Umeshanisaidia vya kutosha." Joel akasema sawa.

Nayajua maneno hayo kwa sababu kila mmoja alikuja kunieleza kwa wakati wake, na yalikuwa yaleyale. Tumaini alikaa kwenye benchi langu akasema, "Aliniuliza kwa huruma, Mzee. Amebanwa na baba mkubwa. Angekuwa ananitaka, si angesema ananitaka?" Joel alikaa kwenye benchi hilohilo, kitako kilekile, akasema, "Nilimwuliza akakataa. Angekuwa ananitaka, si angesema nimlete?" Nilitamani kuwagonganisha vichwa. Waliweka ahadi ya kuachana ligi ikiisha, na kwa ustaarabu wao wote wakaitimiza. Hadithi ile inampa mwenye aibu njia ya kupendwa bila kusema, nimeshawaambia. Ninyi hamuoni kwamba anazoea hivyo. Siku ya kusema ikija, hana mdomo.

Sheria yangu niliivunja siku hiyo. Nilifunga kibanda nikaenda duka la pembejeo, nikamkuta Tumaini anapanga mifuko ya mbolea, nikamwambia kila kitu alichosema Joel. Alinisikiliza akiwa ameegemea mizani.

"Mzee," akasema, "wewe unapenda hadithi ziishe vizuri."

"Mimi? Mimi niliyemuua mchezaji kwa homa?"

Alicheka kidogo, machozi yakiwa karibu. "Basi aje aseme mwenyewe. Mimi nitasikia."

Nikamwendea Joel yadi, nikamwambia nenda ukaseme. Nilirudi kibandani na moyo mweupe, nikajipikia chai. Kitu nilichosahau ni kwamba domo zege akiambiwa nenda ukaseme, hatakwenda mikono mitupu. Atakwenda kujiandaa. Na Joel alikuwa na kitabu kimoja tu cha kujiandalia.

Alimkuta Tumaini anafunga duka. Akasimama mbele yake, akasema, "Uwanja ukijaa watu, nisipokuona wewe, kwangu mimi hauna mtu."

Maneno hayo ni yangu. Kwenye Kizungu yalikuwa mengine, ya barafu na taa, nikayaacha nikatunga haya. Yalinichukua siku nyingi, na nilijivunia sana. Wavulana wa Makambako waliyatumia kwa wasichana wao, nikisikia najifanya sijui yametoka wapi. Tumaini aliyasoma mara ngapi sijui, aliujua hata ukurasa.

Alinisimulia mwenyewe. "Nilimwambia, Joel, hayo ni ya Mzee Mgaya. Niambie yako. Akanyamaza, nikasubiri. Nilikuwa najiambia moyoni, hata akisema leo kuna baridi, namkubali. Hata akisema naomba maji. Akatazama chini, akasema basi, nimekuelewa. Akaondoka."

Nilimuuliza kwa nini hakumwita. Akasema, "Ningemwita kwa maneno gani?"

Iliniuma, na inaniuma hadi leo. Si kwamba niliwakosea, sitaki mnisikitikie. Inaniuma kwamba sentensi niliyoipenda kuliko zote nilizowahi kuandika ndiyo iliyosimama katikati yao, na ilikuwa nzuri. Ingekuwa mbovu, pengine angecheka, na wangepona.

Joel alichukuliwa na timu ya mkoa mwingine. Tumaini alisubiri mpaka mahindi yakavunwa ndipo akapata ujasiri wa kumwambia mama yake ukweli. Walikuwa jikoni wanamenya viazi.

"Mama, Joel hakuwa mchumba wangu. Tulikuwa tunaigiza."

Mama hakuacha kumenya. "Kuigiza ndiyo kufanyaje?"

"Kujifanya. Ili shangazi aniache."

Mama akamaliza kiazi alichokishika, akakitia majini. "Aliposhuka kule chini kumtengenezea baba yako mahali pa kulala, alikuwa anajifanya?"

Tumaini akaweka kisu chini.

"Basi mwenzio alikuwa wa kweli. Aliyejifanya ni wewe."

Tumaini aliniambia kwamba kwenye vitabu vyote alivyosoma, vya kwangu na vya wengine, hajawahi kukuta ukurasa uliompiga hivyo. Alimtafuta Joel. Si siku hiyo, wala mwezi huo. Alikuwa Mbena wa kweli, alijipanga. Alipompigia hatimaye, Joel alikuwa ameoa huko alikokuwa. Alimjibu kwa heshima kubwa, akauliza habari za mama, akauliza habari za viazi. Tumaini akajibu zote.

Alichokitaka mwanzo alikipata. Hakuna aliyemsumbua tena kuhusu mume. Shangazi mwenyewe akiulizwa husema, yule ana mtu wake, kasafiri. Ukoo wanajua si hivyo, ila hawana jina jingine la kumwita Joel isipokuwa mkwe. Mtu aliyeshuka kaburini hafutwi.

Kibanda changu mlikiua ninyi na simu zenu. Siwalaumu, simu haili ada ya kuchelewesha na panya hatafuni sura ya mwisho. Ila mmepoteza weusi wa vidole. Kioo mnakifuta kwa shati kinabaki safi, na hakuna fundi atakayejua mlirudia wapi. Vitabu niligawa, vingine nikawashia moto vilivyooza kwa unyevu wa Njombe. Miguu yangu sasa haitaki baridi ya sokoni.

Someni, siwakatazi. Mkilia, lieni. Ila ukiona umeanza kumsubiri mtu kwa sababu mpango unasema umsubiri, na mpango ukiondolewa bado ungemsubiri, mwambie siku hiyohiyo. Mwambie vibaya. Kigugumizi, nusu Kibena nusu Kiswahili, vyovyote. Msiwaazime maneno watu kama mimi. Sisi tunayatengeneza mazuri kwa sababu hatuna wa kumwambia.

Mwaka jana nilikwenda Wanging'ombe kwa shughuli ya ndugu, nikapitia kwa kina Tumaini kuwasalimu. Mama amezeeka, haoni vizuri. Tumaini aliacha kazi Makambako akarudi kulima na kumtunza. Tuliketi jikoni, sufuria ya maharage mekoni, na simu ya mama ikaita.

"Eeh, mkwe," mama akasema. "Tuko salama. Umekula? Mkeo anaendeleaje? Na mtoto ameacha kukohoa? Mpakeni mafuta kifuani. Mvua zimenyesha, ndiyo. Kaburini tumepalilia, pako safi."

Tumaini alikuwa ameacha kukoroga. Kijiko kilikuwa hewani, shingo ameielekeza kwa mama, anasikiliza upande mmoja wa mazungumzo na kuutafuta ule mwingine. Nadhani huwa hivyo kila simu inapoita.

Mama akanyoosha mkono wenye simu kuelekea mekoni. "Anakusalimia. Ongea naye."

"Mwambie namsalimia," Tumaini akasema.

Mama akairudisha simu sikioni. "Anasema anakusalimia," akamwambia, na Tumaini akainama kupuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.